Mita Arobaini za Waya Juu ya Paa la Mita Kumi na Mbili

Jina la mume wangu silitaji. Kwetu mke hamwiti mumewe kwa jina, na ingawa kwa miaka ishirini na saba nimemwita mengi mengine, hilo moja sijaligusa. Mimi humwita Baba Tuni. Mtaani, kwa jina la utani, ni Kaka Panchu wa taa, na hapa Chandannagar, karibu na Kolkata, mji ambao kila kichochoro kina fundi wa taa za sikukuu, kuitwa "wa taa" ni heshima.

Mtu huyu hajui kukaa. Chai hunywa akitembea. Siku ya harusi yetu kuhani alimwambia mara tatu aketi, na mara ya tatu mama yangu akanitazama kwa huruma. Wakati ule sikuelewa kwa nini.

Kazi yake ni yale magogo yanayozunguka. Ni gogo la mbao lililobandikwa vipande vya shaba. Mota ikilizungusha, shaba inagusa nyaya hizi kisha zile, taa zinawaka na kuzimika kwa zamu, na mtu aliye barabarani anaona tausi akifungua mkia. Kila shaba inapogusa waya inatoa cheche, na kila cheche inaingia kwenye redio ya mtaa mzima kama mtu anayekaanga dagaa sikioni mwako. Kwa hiyo mtu huyo huyo mchana alitengeneza makelele, na alfajiri alipanda juu ya paa kuyatukana.

Maana ana leseni ya redio. Si redio ya kusikiliza nyimbo. Ni ile ya watu wanaoitana hewani kwa kugonga nukta na mistari, kwa furaha tu, bila kulipwa na bila kuonana. Alianza kabla sijamzalia mtoto. Na kati ya masafa yote aliyoruhusiwa akapenda yale ya chini, ya mita themanini, ambayo mchana yamekufa na huamka jua likiwa linazama au linachomoza. Masafa hayo yanataka waya mrefu. Nusu ya themanini ni arobaini, na nyumba yetu ina upana wa mita nne na urefu wa mita kumi na mbili. Nimeishi na hesabu hiyo kama wenzangu wanavyoishi na mama mkwe.

Tuni, mtoto wetu wa pekee, alijifunza kugonga akiwa na miaka tisa, kidole chake juu ya kidole cha baba yake. Akiwa na miaka kumi na tisa alipata leseni yake mwenyewe, na baba yake akagawa vitamu kichochoro kizima. Miaka mitatu baadaye alikwenda kufundisha shule ya kisiwani, kule kusini kwenye misitu ya mikoko, na miezi sita haijaisha akarudi kutuonyesha rangi nyekundu kwenye mpasuo wa nywele zake. Alikuwa ameolewa. Mume ni mwalimu mwenzake, Nitai Mridha, mwana wa warina asali. Hakumuuliza mtu.

Baba yake alisimama kwenye ngazi. "Ukirudi huko," akasema, "nisisikie sauti yako tena."

"Hutaisikia, Baba," Tuni akajibu. Akachukua mtambo mdogo ambao baba yake alimtengenezea, akaufunga kwenye sari kuukuu, akaenda. Hakugeuka nyuma. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Mwaka ukapita bila neno. Kisha wakati wa mvua ikaja barua, kwangu. Yuko mwezi wa tano, alisema. Anajua kwamba mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa wazazi wa mama yake, na angependa wa kwake azaliwe hapa. "Lakini aliyenifukuza ni Baba," aliandika. "Akiniita yeye mwenyewe nitakuja. Barua yako Mama haitoshi, usijisumbue."

Niliiweka barua kando ya sahani yake ya wali. Akaisoma amesimama, akaisoma tena, akaikunja akaitia mfuko wa shati. Nikangoja aombe karatasi na kalamu.

Aliomba chumvi. Kilo arobaini.

Fundi wa umeme wa kwetu, kabla hajajua kitu kingine chochote, anajua shimo la ardhi. Unachimba, unasimamisha bomba la chuma, unajaza mkaa na chumvi kwa zamu, unamwagia maji, na umeme mbaya unashuka humo na kupotea. Maisha yake yote Baba Tuni amechimba mashimo ya namna hiyo, na aliamini hakuna ugonjwa wa mtambo usiotibika kwa shimo zuri. Sasa alikuwa ameondoa waya wake wa zamani na kusimamisha juu ya paa mlingoti wa mianzi mitatu iliyounganishwa, mrefu kuliko kitu chochote kichochoroni, na waya ukipanda kwa urefu wake wote. Mlingoti mrefu unataka ardhi nzuri, akasema. Akachimba uani, kati ya pampu na choo, mahali pekee palipobaki.

Baada ya wiki mbili maji ya pampu yalikuwa na ladha ya bahari. Pampu hiyo tunaitumia pamoja na Bindubala, mjane wa nyumba ya pili, ambaye ananiita mkwe kwa sababu alikuwa mtaani kabla yangu, nami namwita Mashi, yaani mama mdogo. Alikuja na kikombe mkononi.

"Mkwe, hebu onja. Mumeo anatukausha kama samaki?"

"Anatengeneza ardhi, Mashi."

"Ardhi ilikuwepo. Nimeikuta mimi."

Na mtambo haukufika popote. Shimo lilikuwa zuri kwa radi, lakini wimbi la redio halikuwa na haja nalo. Akasoma kitabu kimoja cha zamani alichoazima Kolkata, akarudi na aibu ya mtu aliyepotea njia ya kwao: kumbe mlingoti wa kurushia hautaki kina, unataka mapana. Unataka nyaya nyingi zilizotandazwa chini yake pande zote, kama mizizi ya mnazi. Mapana sisi tulikuwa nayo ya mita nne. Akatandaza nyaya thelathini na mbili. Zilipita chini ya mitungi yangu ya achari, zikakunjwa kwenye pembe, zikashuka ngazi. Moja ikaingia jikoni. Asubuhi moja nilishika sufuria yenye maji wakati yeye anagonga huko juu, kitu kikaniuma kidole kama chungu mwekundu. Nilipiga kelele. Akashuka mbio, akanitazama, akatazama sufuria, na uso wake ukajaa furaha.

"Imefika mpaka jikoni," akasema.

Wiki hiyo hiyo akasikika Urusi, Irkutsk. Kuna mtu huko anaitwa Gennadi, ana kuku na mke mgonjwa. Baba Tuni alinihadithia yote hayo akizunguka chumba. Baadaye ikawa Mjapani mmoja. Nikamuuliza, "Na Tuni?" Akachukua bisibisi iliyokuwa haina kazi yoyote, akatoka.

Niseme wazi nilivyokuwa nawaza. Niliwaza kwamba mume wangu ni mwoga. Niliwaza kwamba amepewa neno moja la kusema, njoo, na badala ya kulisema anajificha nyuma ya mianzi na chumvi na Warusi. Miezi ilikuwa inakwenda. Wa sita, wa saba, wa nane. Nilikula hasira pamoja na wali. Usiku nilihesabu kwa vidole, mchana nilimtukana, naye alipanda tu kurekebisha kitu kilichokuwa kimesharekebishwa.

Akaongeza waya mwingine. Mlingoti ulikuwa unanasa kila cheche ya mji, hakuweza kusikia vizuri kwa huo, kwa hiyo akavuta waya wa pekee wa kusikilizia, chini, kimo cha kichwa changu. Mita arobaini hizo hapo: zinaanzia pembe ya ngazi, zinakwenda hadi mwisho wa paa letu, zinavuka kwa Bindubala, zinazunguka tangi lake la maji, zinarudi. Kwa mlingoti alirusha, kwa waya wa chini alisikiliza. Siku ya pili nilianza kuanika nguo juu yake. Alilalamika kidogo, nikamwambia paa ni la wote.

Halafu akaanza kugombana na watu wa redio wa miji ya karibu. Kuna Daktari Hazra wa Bardhaman, kuna mwalimu mmoja wa Medinipur, watu aliokuwa akiongea nao miaka na miaka.

"Wamenisusa," akaniambia siku moja, akitembea kutoka mlangoni hadi dirishani. "Wote wa karibu. Mrusi ananisikia. Mjapani ananisikia. Hazra, ambaye naweza kumfikia kwa treni kabla chai haijapoa, hanisikii. Namwita, yeye anaendelea na wengine kana kwamba sipo. Hiyo ni nini kama si kususa?"

"Ni malipo ya mdomo wako," nikasema. Maana kweli alikuwa ameshamwambia Hazra kwamba anagonga kama mbuzi anayeteremka ngazi. Nilimwamini kabisa kwamba amesuswa. Mimi mwenyewe ningemsusa kama ningekuwa na mahali pa kwenda.

Ikafika sikukuu ya Jagaddhatri, mungu wa kike tunayemwita Mama, ambayo mji huu unaingojea mwaka mzima. Tuni alikuwa mwezi wa tisa. Taa za Baba Tuni ziliwaka kwenye makutano mawili, tausi na meli, na watu walisukumana kuziona. Yeye hakwenda kuzitazama. Siku ya saba ya mwezi, sikukuu ilipoanza, alishuka kutoka juu na uso wa majivu. Ya nane vivyo hivyo. Ya tisa hakushuka kunywa chai kabisa.

Mchana wa siku hiyo ya tisa akaja Gostho Shee, katibu wa kamati ya mtaa, jasho likimtiririka. Kesho yake sanamu ya Mama ya mtaa wetu ingetolewa kwenda kuzamishwa mtoni, na kwetu Mama ni mrefu hata nyaya za umeme hazimpishi. Ndiyo sababu kila mwaka siku ya kumi umeme hukatwa mji mzima, nyaya zinashushwa, na watu tunakaa gizani huku maandamano yakipita na taa zake za jenereta.

"Kaka Panchu," Gostho akasema akitazama juu. "Huo mlingoti."

"Umekufanya nini?"

"Kamba yake inavuka kichochoro. Mama mwaka huu ana futi ishirini na nane, bila taji. Lori linaingia hapa kesho mapema. Ushushe leo."

"Kesho. Asubuhi nikimaliza, nitaushusha mwenyewe."

"Kaka, kampuni ya umeme yenyewe inamshushia Mama nyaya. Wewe ni mkubwa kuliko kampuni ya umeme?"

Hapo Baba Tuni akafanya jambo lililonitisha. Aliketi. Alikaa chini ya mlingoti, miguu ameikunja, mgongo ameegemeza mwanzi, na hakutikisika.

Nikamwambia Gostho ashuke kwanza nimletee maji. Kisha nikasimama mbele ya mume wangu.

"Una nini?"

"Siku tatu," akasema.

"Siku tatu nini?"

"Siku tatu hajasikika."

"Nani?"

"Nani mwingine, Mama Tuni?"

Ikatoka yote, pale pale juani. Alikuwa akimsikia. Tangu mvua, kila alfajiri, saa kumi na moja na nusu, Tuni alikuwa hewani kutoka kisiwani akiongea na Hazra na yule wa Medinipur. Aliwaambia mto umejaa kiasi gani, watoto wangapi wamefika shule. Hazra, kwa kuwa ni daktari, alimuuliza afya, naye akasema miguu imevimba, usingizi hapati.

"Miezi minne," nikasema. "Miezi minne umejua kwamba mwanangu miguu imevimba, na mimi nalala kando yako nikihesabu vidole."

Nilimwambia na mengine. Sitayaandika, Bindubala aliyasikia, anatosha. Nilipoishiwa pumzi nikamuuliza, "Na wewe ulimwambia nini?"

"Namwita. Akimaliza na wao namwita kwa jina lake la hewani. Mara tatu, mara tano. Namgongea njoo nyumbani. Kila siku." Akajifuta uso kwa kiganja. "Hajibu. Anafunga mtambo kana kwamba mimi ni mbwa anayebweka mtaa wa pili."

"Si ulimwambia hutaki kusikia sauti yake?"

"Nilisema sauti. Sikusema nukta."

"Na mimi kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba namwita mtoto wangu kila siku ya Mungu na ananipuuza? Kwamba hata Hazra amekuwa upande wake?" Macho yake yalikuwa mekundu. "Nikaongeza mlingoti. Nikaongeza nyaya. Nilidhani nikiwa na nguvu zaidi ataona aibu kutojibu. Na sasa siku tatu hayupo. Kama kuna jambo limempata, la mwisho alilojua ni kwamba mimi—"

Nilimwonea huruma, na huruma ile iliniudhi, kwa sababu sikuwa nimemaliza kumkasirikia. Lakini kichwa changu kilikuwa kimeanza kwenda. Huyo Tuni anayemsema simjui. Ninayemjua mimi, akiwa na hasira, hanyamazi. Akiwa na miaka minne alimfuata baba yake mpaka sokoni akimgombeza kwa sababu ya kishada kilichopotea.

"Labda hakusikii," nikasema.

"Irkutsk wananisikia!"

"Sijali Irkutsk. Tuni aliandika, Baba akiniita nitakuja. Angekusikia, angekuja, au angekutukana kwa nukta mpaka kidole kimuume. Kunyamaza kamrithi nani? Si wewe, si mimi."

Akanitazama kama ninazungumza Kijapani. Lakini alinyanyuka. Mlingoti ukashushwa kabla ya jioni, Gostho akishika kamba huku na sisi huku, na mianzi mitatu ikalazwa kwenye ngazi, tukawa tunairuka kila tulipopita.

Siku ya kumi, kabla jua halijatoka, tulipanda wote wawili. Umeme ulikuwa umekatwa tangu usiku. Ukungu ulitoka mtoni na kukaa juu ya mapaa. Huko mbali, barabara kuu, ngoma zilikuwa zinajaribiwa. Baba Tuni alikuwa amebeba betri ya lori la taa, redio ya kusikilizia na mtambo wake mdogo kabisa, wa wati tano, anaouita kifaranga. Mtambo mkubwa bila umeme wa mji ni sanduku tu. Hakukusudia kurusha, kifaranga alikibeba kwa mazoea tu. Alitaka kusikiliza.

Alivaa visikilizio, na nikamwona anashtuka.

"Nini?"

"Kimya," akasema. "Hakuna hata cheche. Mji mzima umezimwa." Akanisogeza karibu, akanipa upande mmoja wa visikilizio. Nikasikia kama upepo kwenye shamba la mpunga, na ndani yake, mbali, vijisauti vidogo vikigonga. Huyu ni Hazra, akasema. Hazra alikuwa anamwita Tuni. Aliita, akanyamaza. Aliita tena, akanyamaza. Niliushika mkono wa mume wangu, naye hakuuondoa.

Kisha ikaja sauti nyingine, ya juu kidogo, ya haraka.

"Yupo," akasema, akashika ukuta. "Yupo, Mama Tuni. Anasema asubuhi njema, samahani kwa kupotea."

"Mwite."

"Kwa kitu gani? Mlingoti umelala kwenye ngazi."

"Kwa huo waya."

"Huu ni wa kusikilizia."

"Panapoingia sikio, mdomo hautokei?"

Akatikisa kichwa kwa ile subira yake ya kifundi inayonichefua. "Uko chini mno. Waya wa chini haurushi mbali. Wimbi lake linapanda wima, linakwenda juu tu, kama moshi wa jiko."

"Likifika huko juu linakaa? Halirudi?"

Alitazama juu, kwenye ukungu, kama mtu anayesoma. Kidole chake kilianza kuchora hewani: kikapanda, kikagonga kitu, kikashuka karibu na mahali kilipotoka. Halafu kikachora kingine, kilicholala, kikaenda mbali, mbali sana, kikashuka upande wa pili wa paa.

"Linarudi," akasema polepole. "Linarudi karibu." Kisha akasema, "Mlingoti unawaruka. Hazra, Medinipur, kisiwani, wote wa karibu. Unawapita juu ya vichwa." Kisha akapaza sauti: "Toa nguo!"

Nilikuwa nimeanika shuka mbili na dhoti zake nne za kujifunga kiunoni. Nilizivuta zote kwa mpigo. Upande wa pili sari ya Bindubala ilikuwa imelala kwenye waya karibu na tangi, na mwenyewe alikuwa amesimama pale na unga wa meno mdomoni.

"Mashi, toa sari."

"Bado haijakauka."

"Mashi, toa sari, ni Tuni."

Sijui alielewa nini, lakini aliitoa, akabaki ameikumbatia, maji yakimchuruzika miguuni.

Hazra alikuwa anaagana na Tuni. Baba Tuni alichomoa waya kwenye redio, akauchomeka kwenye kifaranga, akakaa juu ya ndoo. Akagonga jina la Tuni, kisha la kwake mwenyewe. Mara moja tu. Akaharibu, akarudia. Akachomoa, akachomeka tena kwenye redio, tukasikiliza wote, kichwa kwa kichwa.

Upepo kwenye mpunga. Hakuna kitu. Nikafikiri betri imekufa. Nikafikiri nimekosea, na kwamba mwanangu amebadilika kweli, na hilo liliniuma kuliko yote.

Halafu vijisauti vitatu, vinne, vilivyokatika.

"Anasema nini?"

"Anauliza ni nani."

"Hakujui?"

"Haamini." Akajibu. Tukangoja. Safari hii alisoma kwa sauti, neno baada ya neno, jinsi yalivyokuja. "Baba. Mbona. Leo."

Aligonga kwa muda mrefu. Nilimuuliza anasema nini, akasema namwambia nimemwita kila asubuhi tangu mvua. Kisha jibu likaja, fupi, na yeye hakulisoma. Nikamsukuma bega.

"Anasema hakunisikia," akasema. "Hata siku moja. Anasema kila asubuhi alikaa mpaka nusu saa baada ya wenzake kuondoka, kama nitaita." Akalirudia, kwangu, kwa Bindubala, kwa tangi la maji. "Hakunisikia. Alikuwa ananingoja, hakunisikia."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, lakini mikono yangu ilikuwa imejaa shuka mbichi. "Mwambie aje leo," nikasema. "Treni ya mchana ataipata Canning akishuka boti. Mwambie nitakwenda kumpokea stesheni, maandamano yasimtishe. Mwambie."

Aliinua mkono kuninyamazisha. Alikuwa anasikiliza. Midomo yake ilikwenda bila sauti, na nikaona kwenye uso wake jambo nisiloweza kulisoma, si furaha, si msiba.

"Amezaliwa," akasema. "Juzi. Msichana. Mkunga wa kisiwani ndiye aliyemzalisha. Wote wazima."

Nilikaa chini juu ya nguo. Miezi yote ile nilikuwa nimeandaa chumba, nimeficha vitambaa laini, nimeweka samli. Mtoto wa kwanza wa mwanangu amezaliwa mikononi mwa watu wengine kwa sababu ya mwanzi uliokuwa mrefu mno na mdomo uliokuwa mrefu zaidi. Nililia, sifichi. Bindubala naye alilia, na sina hakika alijua sababu.

Redio iligonga tena. Baba Tuni alisikiliza, akanigeukia.

"Anasema sasa tunaruhusiwa kula kwake."

Kwetu mzazi hali chakula nyumbani kwa binti aliyeolewa mpaka binti huyo azae. Nililifahamu hilo maisha yangu yote kama sheria ya tumbo tu, ya nani ale wapi. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kulitumia kufungua mlango.

"Anatutaka kweli?" nikasema. "Au ni adabu tu? Muulize. Muulize kama bado ana hasira."

"Nimuulize hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Ngoma zilikuwa zimekaribia, na kwenye ukungu juu ya mapaa ya mtaa wa chini tuliona taji la Mama wa kwanza likianza kutikisika. Aligonga swali. Alichomoa, akachomeka, akaziba sikio la pili kwa kiganja, na sote watatu tukainama kuelekea redio kana kwamba hata Bindubala huko kwake angesikia.

"Anasema nini?"

"Anasema ndiyo, bado ana hasira sana," akasema Baba Tuni, "na anauliza tutafika saa ngapi."